Mitume na akhera katika Qurani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila Ramadhani darsa za tafsiri zinapoanza baada ya Laasiri. Mengine huulizwa pembeni, watu wakishatawanyika, kwa sababu muulizaji anaona haya. Aya zimetolewa maana kwa Kiswahili cha kawaida. Namba ya kwanza ni ya sura, ya pili ni ya aya.

Mitume wangapi wametajwa kwa majina?

Ni 25. Kumi na wanane kati yao wametajwa kwa mfululizo katika Suratul An'am (6:83-86). Saba waliosalia inabidi uwaokote sura kwa sura: Adam, Idris, Hud, Saleh, Shuaib, Dhulkifli na Muhammad (s.a.w.). Anayetajwa zaidi ni Musa, mara 136. Jina la Muhammad limekuja mara 4 tu, jambo linalowashangaza wengi wanapolisikia mara ya kwanza.

Wapo ambao hawakuafikiwa. Dhulkifli, baadhi ya wanavyuoni walimwona mja mwema tu. Luqman ana sura yake nzima, lakini walio wengi wanasema alikuwa mtu wa hekima, hakuwa nabii. Na hao 25 si wote: "Wengine tumekusimulia habari zao, na wengine hatukukusimulia" (40:78). Akija mtu kukuuliza kama Afrika nayo ililetewa mwonyaji, msomee 35:24: hakuna umma ila alipita humo mwonyaji. Jina lake hatukuambiwa.

Mbona visa vyao vimekatwa vipande vipande?

Aliyezoea kusoma historia kuanzia kuzaliwa hadi kufa huchoka haraka na kisa cha Musa. Anakuta sanduku la mtoni katika Twaha, analikuta tena katika Al-Qasas. Moto aliouona jangwani unakuja mara tatu, katika sura ya 20, ya 27 na ya 28. Kupasuka bahari kuko Ash-Shu'araa. Halafu ghafla katika Al-Kahf yuko safarini na kijana wake, wanamtafuta mtu mwenye elimu ambayo yeye Musa hana.

Sababu imetajwa na Qurani yenyewe: "Yote haya tunayokusimulia katika habari za Mitume ni yale tunayouthibitishia moyo wako" (11:120). Wahyi uliteremka kwa takriban miaka 23, kwa mtu aliyekuwa akitukanwa, akisusiwa, akizika watoto wake. Kila kipande kilishuka siku kilipohitajika. Ni kama bibi mwenye kisa kimoja na wajukuu wengi: kwa mjukuu mwenye kiburi ataanzia pengine, kwa aliyefiwa ataanzia pengine.

Jaribu kusoma Twaha ukiangalia neno moja tu, hofu. Musa anaambiwa usiogope fimbo ilipogeuka nyoka (20:21), yeye na Harun wanaambiwa msiogope walipotumwa kwa Firauni (20:46), na mbele ya wachawi hofu inamwingia tena naye anaambiwa tena (20:67-68). Sasa hamia Al-Qasas uangalie neno kurudi. Mama anaahidiwa kwamba mtoto atarudishwa kwake (28:7), na anarudishwa (28:13). Musa anakimbia Misri, kisha safari inamrudisha huko huko. Na sura inapokaribia mwisho, Mtume (s.a.w.) anaambiwa kwamba aliyemfaradhishia Qurani atamrudisha "mahali pa marejeo" (28:85). Swahaba Ibn Abbas alisema ni Makka. Wengine wakasema ni akhera. Mimi sioni haja ya kuwagombanisha, kwani sura nzima imekuwa ikitufundisha kwamba ahadi ya kurudi ni moja.

Basi kwa nini kisa cha Yusuf kimesimuliwa chote mahali pamoja?

Ndicho pekee kirefu kilichopewa heshima hiyo: sura moja, aya 111, kuanzia ndoto ya mtoto hadi ndoto kutimia. Kimeitwa "kizuri zaidi katika masimulizi" (12:3). Wafasiri wametoa sababu nyingi. Inayonipendeza ni ile unayoiona mwenyewe ukifuata kanzu yake. Kanzu inatokea mara tatu. Ndugu zake wanaileta kwa baba ikiwa na damu ya uwongo (12:18). Katika nyumba ya yule mheshimiwa wa Misri inachanwa kwa nyuma, na mpasuko huo unakuwa shahidi wake (12:25-28). Mwisho anaituma nyumbani, inatupwa usoni pa Yakub naye anaona tena (12:93-96). Kanzu ilimliza mzee, kanzu ikamtetea kijana, kanzu ikamfungua mzee macho.

Wengi husimulia mpaka pale Yusuf anapowaambia ndugu zake "hapana lawama juu yenu leo" (12:92), wakaishia hapo, kwa kuwa ni pazuri. Lakini yeye hakuishia hapo. Amekalia kiti, wazazi wako mbele yake, njaa imeshindwa, na maneno yake ya mwisho katika sura ni dua ya kufa: "Nifishe hali ya kuwa Muislamu, na uniunganishe na watu wema" (12:101). Alipokuwa kisimani na gerezani hatukumsikia akiomba kifo. Alikiomba kifo chema alipokuwa na kila kitu.

Mzazi mwema akikosa mtoto mwema, ni kosa lake?

Hili huulizwa kwa sauti ya chini, na mara nyingi na akina mama. Jibu liko kwa Nuhu. Alikaa na watu wake miaka elfu kasoro hamsini (29:14). Aliwalingania usiku na mchana, kwa siri na kwa dhahiri, nao wakitia vidole masikioni na kujifunika nguo zao (71:5-9). Waliomwamini walikuwa wachache (11:40). Na mmoja katika waliokataa alikuwa wa nyumbani mwake.

Soma 11:42-46 polepole. Jahazi limeshaelea katika mawimbi kama milima. Nuhu anamwita: "Ewe mwanangu, panda pamoja nasi." Neno la Kiarabu ni *bunayya*, la kumdekeza mtoto, kama tunavyosema "kijana wangu wee". Ndilo Ibrahim alilomwitia mwanawe siku ya kuchinja (37:102), ndilo Yakub alilomwitia Yusuf (12:5). Lakini mtoto wa Ibrahim alijibu "Ewe babangu". Huyu wa Nuhu hakusema baba. Alisema: "Nitakimbilia mlima utakaonilinda na maji." Baba akamjibu kwamba leo hakuna wa kulinda, na wimbi likaingia kati yao. Qurani haikusema kijana alizama akipiga kelele. Imesema wimbi liliingia kati yao, akawa katika waliozama, basi.

Baadaye Nuhu aliomba: mwanangu ni katika ahali yangu. Akajibiwa kwamba huyo si katika ahali yako. Jibu hilo ni zito, lakini tazama ambacho hakuambiwa. Hakuambiwa kwamba alimlea vibaya.

Na haikuwa kwa Nuhu peke yake. Ibrahim alimwita babake "Ewe babangu" mara nne mfululizo (19:42-45), na akajibiwa kwa jina lake kavu pamoja na tishio la kupigwa mawe. Wake wa Nuhu na Lut walikuwa chini ya waja wema wawili na haikuwafaa kitu, na mke wa Firauni alikuwa chini ya Firauni naye akaomba ajengewe nyumba Peponi (66:10-11). Ukishayajua haya, aya za Suratu Abasa zinasomeka kwa namna nyingine: siku ambayo mtu atamkimbia nduguye, na mamaye na babaye, na mkewe na wanawe (80:34-36). Msiba huo nyumba za Mitume zilishauonja hapahapa duniani.

Mitume walikosea?

Ahlus Sunna walio wengi wanasema Mitume wamekingwa na madhambi makubwa na hawakosei katika kufikisha ujumbe. Mashia Ithnaasharia wanaupanua ulinzi huo hadi madogo. Mjadala huo una vitabu vyake. Qurani yenyewe haikuficha: Adam alikula mti, Musa alimpiga mtu ngumi akafa, Yunus aliondoka kwa hasira kabla ya kuruhusiwa.

Kinachofaa kuangaliwa ni ulimi wao baada ya hapo. Adam na mkewe walisema: "Mola wetu, tumezidhulumu nafsi zetu" (7:23). Musa alisema: "Mola wangu, nimeidhulumu nafsi yangu, nisamehe" (28:16). Yunus, akiwa gizani tumboni mwa samaki: "Hapana mungu ila Wewe, umetakasika, hakika mimi nilikuwa katika madhalimu" (21:87). Hakuna aliyemtupia mwingine kosa lake: hata Musa, aliyesema hiyo ni kazi ya shetani (28:15), alikiri papo hapo kwamba ameidhulumu nafsi yake. Iblisi ndiye aliyesema "kwa kuwa Wewe umenipoteza" (7:16). Ukitaka kujua unafuata ukoo wa nani, sikiliza unachosema ukishikwa na kosa.

Yunus alirejeshwa kazini, tena kwa watu "laki moja au zaidi" (37:147), nao wakaamini wote. Hakuna kaumu nyingine iliyosifiwa hivyo (10:98).

Nabii Shuaib alikuwa mhubiri wa mizani tu?

Alianza na tauhidi kama wenzake: muabuduni Mwenyezi Mungu, hamna mungu mwingine. Lakini sentensi iliyofuata ilikuwa ya sokoni: "Timizeni kipimo wala msiwe wapunjaji, na pimeni kwa mizani iliyo sawa, wala msiwapunguzie watu vitu vyao" (26:181-183). Watu wa Madyan walimjibu hivi: "Ewe Shuaib, ni sala zako hizo zinazokuamuru tuache waliyoyaabudu baba zetu, au tusifanye tutakavyo katika mali zetu?" (11:87). Hoja hiyo ina maelfu ya miaka na bado haijazeeka. Dini ibaki msikitini, biashara ni biashara.

Sasa fungua Al-Mutaffifin, sura ya 83, ambayo wengi tumeihifadhi tukiwa chuoni bila kujua inasema nini. "Ole wao wapunjao! Ambao wakijipimia kwa watu hutaka watimiziwe, na wao wakiwapimia watu hupunguza." Mkulima wa viazi au vitunguu Tanzania hahitaji tafsiri hapa, anaijua lumbesa. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, kisha linafungwa kilemba juu, na bei ni ileile ya gunia moja. Mchuuzi akifika mjini anauza kwa kisado kilichobonyezwa kitako. Akipokea anajaziwa, akitoa anapunja. Aya mbili zimemchora mtu huyo mzima.

Halafu sura haikutaja faini wala serikali. Iliuliza: "Hivi hao hawadhani kwamba watafufuliwa, kwa Siku iliyo kuu?" Haikusema hawana yakini, imesema *hawadhani*. Hata dhana tu, hata labda, ingetosha kuuzuia mkono juu ya mizani.

Na neno lenyewe, mizani, linazunguka. Mbingu zimeinuliwa na mizani ikawekwa (55:7). Shuaib anaililia huko Madyan. Siku ya Kiyama mizani ya uadilifu inawekwa, na hata likiwa jambo la uzito wa chembe ya hardali litaletwa (21:47). Anayechezea kipimo cha pishi anachezea kitu ambacho ncha yake nyingine hajaiona.

Kaumu nzima ya Thamud, watu wa Nabii Saleh, iliadhibiwa kwa ngamia aliyechinjwa na mtu mmoja. Ni haki?

Sura ya 54 inasema walimwita mwenzao, akashika silaha, akachinja (54:29). Suratu Shams inasema *walimchinja*, kwa wingi (91:14). Mkono ulikuwa mmoja, walioutuma na walioridhia walikuwa wengi. Ngamia huyo, aliyeletwa kuwa ishara kwao, alikuwa na siku yake ya maji na wao wana siku yao (26:155). Walichoshindwa kuvumilia ni zamu ya kisima, jambo ambalo kijiji chochote chenye kisima kimoja kinalijua.

Makazi yao yanaitwa Al-Hijr, kaskazini magharibi ya Saudi Arabia karibu na Al-Ula, na UNESCO iliyaingiza katika urithi wa dunia mwaka 2008. Makaburi yaliyochongwa mlimani yanayopigwa picha leo, wanaakiolojia wanayaweka katika zama za Wanabati, baada ya Thamud wa kisa hiki. Ukienda, ujue kwamba Mtume (s.a.w.) alipopita hapo akielekea Tabuk aliwaambia maswahaba wasiingie makazi ya walioadhibiwa ila wakiwa wanalia.

Kwa nini Yasin husomwa sana kwenye msiba?

Kuhusu kumsomea maiti, kuna khilafu na hatutaimaliza hapa. Hadithi inayotegemewa ina maneno kwa wanavyuoni wa hadithi. Hata hivyo ukisoma sura yenyewe utaona kwa nini mioyo imeelekea huko. Mji umeletewa wajumbe watatu, umewakataa. Anatokea mtu mbali mwishoni mwa mji, anakuja mbio, anawasihi wenzake wawafuate (36:20). Qurani haikumtaja jina. Wafasiri wanamwita Habibu Najjari. Kuuawa kwake hakukusimuliwa. Unasoma hoja yake, aya inayofuata anaambiwa "Ingia Peponi", kana kwamba mauti ni pengo kati ya aya mbili. Naye anasema: "Laiti kaumu yangu wangejua jinsi Mola wangu alivyonisamehe!" (36:26-27). Ameingia Peponi na bado anawahurumia waliomuua.

Khitma nyingi zimesoma aya hizo haraka haraka kabla ya pilau. Ingefaa asimame mtu mmoja aeleze hiyo moja tu.

Ibrahim aliomba aonyeshwe ufufuo. Alikuwa na shaka?

Aliulizwa swali hilohilo: "Kwani huamini?" Akasema: "Naamini, lakini ili moyo wangu utulie" (2:260). Akaamrishwa achukue ndege wanne, awazoeze kwake, kisha aweke sehemu zao juu ya milima mbalimbali, awaite. Wakamjia mbio. Kuamini na kutulia ni vitu viwili, na Ibrahim hakukaripiwa kwa kuomba cha pili. Vijana wanaokuja na maswali kuhusu akhera wakafukuzwa kwa "usikufuru" wamedhulumiwa.

Aya inayotangulia hiyo ina mtu aliyepita katika mji ulioporomoka akajiuliza utahuishwaje. Akafishwa miaka 100, akafufuliwa, akadhani amekaa siku moja au chini yake. Chakula chake hakikuharibika, naye akaonyeshwa namna mifupa ya punda wake inavyoinuliwa na kuvishwa nyama (2:259).

Kwa wasiopata ndege wala punda, kuna mvua. Qurani inairudia hoja hii kuliko zote: ardhi unaiona imekufa, maji yakiishukia inatikisika na kuumuka (41:39), na "ndivyo utakavyokuwa ufufuo" (50:11). Anayeishi mahali penye kiangazi kirefu, akaona nyasi zinavyochomoza siku chache baada ya mvua za kwanza za vuli, ameshaonyeshwa.

Barzakh ni nini?

Ni kizuizi. Neno hilohilo limetumika kwa kinachotenganisha bahari mbili, tamu na chumvi (25:53). Kwa wafu limekuja pale mtu anapofikiwa na mauti akasema: "Mola wangu, nirudishe, ili nitende mema katika yale niliyoyaacha." Anajibiwa hapana, na mbele yao kuna barzakh mpaka siku watakapofufuliwa (23:99-100). Watu wa Firauni wanaonyeshwa moto asubuhi na jioni kabla ya Kiyama (40:46), na waliouawa katika njia ya Mwenyezi Mungu wako hai wanaruzukiwa (3:169). Maelezo mengine mengi yanayosimuliwa kuhusu kaburi yanatoka katika hadithi, na mengine yanatoka kwa wasimuliaji tu. Tenganisha.

Kiyama ni lini?

Aliulizwa Mtume (s.a.w.) akaamrishwa aseme ujuzi wake uko kwa Mola wangu (7:187). Bedui mmoja alipomuuliza, yeye alimrudishia swali: "Umekiandalia nini?" Ukitumiwa ujumbe kwenye simu wenye mwaka na mwezi, usiusambaze.

Kitabu cha matendo kitasomwa na nani?

Na mwenyewe. "Soma kitabu chako, nafsi yako inatosha leo kukuhesabu" (17:14). Hapo asiyejua kusoma atajua. Aliyepewa kwa mkono wa kulia atawaita watu: "Haya, someni kitabu changu!" (69:19), kama mtoto aliyetoka shule na ripoti nzuri hata salamu hasubiri. Wa kushoto atasema laiti nisingepewa, na atataja vitu viwili vilivyomtoka: mali yake na madaraka yake (69:25-29). Kuna na wale watakaolalamika kwamba kitabu hiki kina nini, hakiachi dogo wala kubwa (18:49).

Anayetegemea kukana, midomo itafungwa na mikono ndiyo itakayosema (36:65). Watu wataziuliza ngozi zao: mbona mmetushuhudilia? (41:21). Nami huona jambo la huzuni hapo, mtu kugombana na ngozi yake.

Aya za Moto zinataja makosa gani hasa?

Wengi hutarajia orodha ya zinaa na ulevi. Makosa hayo yana aya zake za makatazo na adhabu. Lakini pale watu wa Motoni wanapoulizwa wenyewe kilichowaingiza, wanasema: hatukuwa tukisali, na hatukuwa tukimlisha maskini, na tulikuwa tukizama na waliozama, na tukikadhibisha Siku ya Malipo (74:42-46). Al-Maun inakuja na mshangao: "Umemwona anayekadhibisha malipo?" Unangoja kusikia mwanafalsafa fulani. Jibu: huyo ndiye anayemsukuma yatima (107:1-2). Akhera inakanwa kwa kiwiko kabla ya kukanwa kwa ulimi. Na sura hiyo inamalizia kwa wanaonyima watu vitu vidogo vya nyumbani, ambavyo wafasiri wa mwanzo walivitaja: chungu, ndoo, shoka. Mtu ana hoja ndefu za ufufuo, jirani akija kuazima mchi anasema haupo.

Yona, Eliya na Yohana wa jirani zetu Wakristo ndio hao hao?

Yona ni Yunus, Eliya ni Ilyas, Elisha ni Alyasaa, Yohana Mbatizaji ni Yahya. Wengi wanamlinganisha Idris na Henoko. Kumlinganisha Shuaib na Yethro mkwewe Musa ni mashuhuri lakini kuna waliokataa. Hud na Saleh hutawaona katika Biblia. Visa vinakutana pengine na kuachana pengine, na tofauti ni vyema zitajwe kwa adabu, mtu akiwa amesoma.

Nianzie wapi kusoma?

Yusuf, kisha Maryam, kisha Al-Anbiyaa kwa Mitume. Kwa akhera anza na Juzuu Amma, sura 37 fupi kuanzia ya 78 hadi ya 114, kwa kuwa pengine tayari unazo kichwani. Chukua tarjuma ya Kiswahili: ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, iliyotoka kamili mwaka 1969, ina maelezo mengi pembeni, ya Sheikh Ali Muhsin Barwani, ya mwaka 1995, lugha yake ni laini. Ukiwa nazo zote mbili utafaidi zaidi pale zinapopishana. Usione haya kusoma kwa Kiswahili. Kila Mtume alitumwa kwa lugha ya watu wake ili awabainishie (14:4).

Ukifika At-Takwir simama kwenye aya ya 8 na ya 9. Jua limekunjwa, nyota zimepukutika, milima imeondoshwa, bahari zimewashwa. Katikati ya vurumai hilo kunasikika swali moja dogo, kwa mtoto wa kike aliyezikwa hai: aliuawa kwa kosa gani? Anaulizwa yeye. Muuaji hata hasemeshwi.

Je, Mitume nao wataulizwa?

Ndiyo. "Tutawauliza waliopelekewa Mitume, na tutawauliza Mitume" (7:6). Watakusanywa waulizwe: mlijibiwa nini? Nao watasema: hatuna ujuzi, Wewe ndiye Mjuzi wa ghaibu (5:109). Nuhu wa miaka 950, Musa wa Firauni, wote wanasema hatuna ujuzi. Isa ataulizwa peke yake kama aliwaambia watu wamfanye yeye na mama yake waungu wawili, naye atajibu kwa upole: sikuwaambia ila uliloniamrisha, na ukiwaadhibu ni waja wako, na ukiwasamehe Wewe ndiye Mwenye nguvu, Mwenye hikima (5:116-118). Imepokewa kwamba Mtume wetu (s.a.w.) alisimama usiku mzima akiirudia aya hiyo ya 118 mpaka kukapambazuka.

Siku nyingine alimwambia swahaba wake Abdullah ibn Masud: nisomee Qurani. Ibn Masud akashangaa: nikusomee, na wewe ndiye uliyeteremshiwa? Akasema napenda kuisikia kwa mwingine. Akaanza Suratu Nisaa, akaenda nayo mpaka aya ya 41: basi itakuwaje tutakapoleta kutoka kila umma shahidi, na tukakuleta wewe uwe shahidi juu ya hawa? "Inatosha sasa," akamwambia. Ibn Masud akageuka kumtazama, akaona macho yake yanatiririka machozi.